Ufundi wa Milimita Tatu

Kazi huanza na kusugua. Elektrodi yenyewe ni kijiti cha plastiki ngumu chenye kiduara cheusi cha kaboni kwenye ncha, upana wake milimita 3. Kitambaa laini hulowanishwa, poda ya alumina hunyunyizwa juu yake, kisha mwenye kazi hukishika kijiti wima na kukizungusha kwa kufuata umbo la namba nane, bila kukandamiza na bila kukiinamisha. Namba nane ina sababu yake. Ukisugua kwa kwenda na kurudi, mikwaruzo hujipanga upande mmoja; ukizungusha duara tupu, ukingo huliwa kuliko katikati. Chembe za poda ya kwanza zina ukubwa wa mikromita 1, za pili 0.3, za mwisho 0.05. Kati ya poda na poda elektrodi husuuzwa na kutumbukizwa kwenye beseni linalotetemeshwa na mawimbi ya sauti, ili alumina iliyonasa ibanduke. Mwenye haraka huruka hatua ya mwisho, na haichukui saa moja kabla hajaumbuka.

Kinachomuumbua ni myeyusho wa manjano wa chumvi iitwayo potasiamu ferisianidi. Elektrodi huzamishwa humo pamoja na wenzake wawili: waya wa platinamu, na elektrodi ya fedha iliyopakwa kloridi ya fedha, ambayo ndiyo rejea ya kupimia volti. Volteji hupandishwa polepole, kisha hushushwa, na mashine huchora mkondo wa umeme unaopita. Mchoro hutoa kilele kimoja wakati wa kwenda na kingine wakati wa kurudi. Nadharia inataka umbali kati ya vilele hivyo uwe milivolti 59. Kwenye kaboni iliyosuguliwa vyema mtu hupata 70 hivi, akaendelea na kazi. Akipata 120 hurudi kwenye kitambaa, hata kama jua limeshazama na wenzake wamekwisha kufunga maabara zao.

Nimeanza na kitambaa kwa makusudi. Habari za vihisi vya kupimia damu kwa kawaida humfikia msomaji zikiwa zimeanzia kwenye ugonjwa na kuishia kwenye ahadi: kifaa kidogo, bei nafuu, majibu papo hapo. Pale katikati, ambapo mtu hukaa na kiduara cha kaboni na kukitengeneza upya kila asubuhi, huwa pameachwa tupu. Mimi napenda hapo katikati.

Kinachowindwa ni familia ya molekuli ziitwazo thioli. Alama yao ni moja: atomi ya salfa iliyoshikana na atomi ya haidrojeni, ikining'inia pembeni mwa molekuli. Wengi wetu tunaijua familia hii kwa pua. Harufu kali ya dawa ya kalikiti iliyojaa saluni za miaka ya 1980 ilitoka kwa thioli, na kazi yake ilikuwa kuvunja vifungo vya salfa kwa salfa vinavyoipa protini ya unywele umbo lake, ili unywele ukubali kufuata rola.

Ndani ya mwili, tatu ndizo zinazotafutwa zaidi. Sisteini ni asidi amino tunayoipata kwenye chakula na kujitengenezea wenyewe. Homosisteini inafanana nayo kwa kila kitu, ila imezidi kaboni moja na haidrojeni mbili, na hupanda kwenye damu mtu akipungukiwa na vitamini B12 au folati. Ya tatu, glutathioni, ni mnyororo mfupi wa asidi amino tatu, na ndiyo ngao kuu ya seli dhidi ya sumu na oksijeni kali. Mtu akimeza panadol kupita kiasi, ini hutumia glutathioni yake kuzima sumu inayozalishwa. Ikiisha, ini lenyewe huanza kufa. Dawa ya kumwokoa, asetilisisteini, nayo ni thioli. Mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali iliyoenea katika maeneo ya malaria pamoja na pwani yetu ya Afrika Mashariki, hushindwa kuihuisha glutathioni ya chembe zake nyekundu, na kwa sababu hiyo primakwini inaweza kumvunjia damu.

Homosisteini ina historia yenye makelele zaidi. Mwaka 1969 daktari wa Marekani Kilmer McCully aliihusisha na kuharibika kwa mishipa ya damu. Hoja yake ilipuuzwa, baadaye ikashangiliwa, kisha majaribio makubwa yaliyochapishwa mwaka 2006 yakaonyesha kwamba kuishusha kwa vitamini hakupunguzi mshtuko wa moyo kama ilivyotarajiwa. Hata hivyo, kwa mtoto aliyezaliwa na homosistinuria, ugonjwa wa kurithi unaoharibu macho, mifupa na mishipa, kuipima ni lazima. Kiwango cha kawaida ni mikromoli 5 hadi 15 katika lita ya plazima.

Kwa nini umeme? Thioli ina elektroni ya kutoa. Thioli mbili zikitoa elektroni zao, salfa zao hushikana na kuwa disulfidi, na elektroni zilizotoka huweza kuhesabiwa kama mkondo. Kwenye karatasi ni rahisi. Kwenye kaboni tupu thioli ni bishi: huhitaji kusukumwa kwa volteji kubwa, na hata hapo kilele hutoka kipana, kimelala, hakisomeki vizuri. Baya zaidi, kwa volteji hiyo vitamini C na asidi ya uriki, ambazo hazikosekani kwenye damu, nazo hutoa elektroni zao. Mkondo unaousoma ni wa wote kwa pamoja.

Watangulizi walitumia zebaki, kwa kuwa salfa huishika zebaki bila kubembelezwa. Jaroslav Heyrovský alianzisha polarografia mjini Prague mwaka 1922, akitumia tone la zebaki linalodondoka kutoka kwenye mrija mwembamba na kujiumba upya kila baada ya sekunde chache. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1959. Uzuri wake ni kwamba elektrodi hiyo haikuhitaji kitambaa wala alumina. Kila tone lilikuja na uso mpya. Mwaka 1933 Rudolf Brdička, aliyekuwa akifanya kazi pamoja naye, aligundua kwamba protini zenye salfa hiyo, zikiwekwa pamoja na kobalti kwenye myeyusho wa amonia, hutoa wimbi la kipekee. Miaka minne baadaye aliandika juu ya matumizi ya wimbi hilo katika kutambua saratani, kwa kuwa seramu ya wagonjwa ilitoa wimbi tofauti na la wazima. Ikaja kuonekana kwamba magonjwa mengine, hata uvimbe wa kawaida wa ndani, nayo hulibadilisha. Alama ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa ya saratani peke yake. Kila mtu anayetengeneza kihisi cha thioli leo anafanya kazi chini ya kivuli cha Brdička, ajue asijue. Na zebaki yenyewe sasa inaondolewa maabara, hasa tangu Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013.

Njia inayonivutia kuliko zote ilipitia kwenye rangi. Mwaka 1928, katika kiwanda cha Scottish Dyes huko Grangemouth, Uskoti, chombo cha kutengenezea kemikali kilipata ufa kwenye utando wake wa ndani. Chuma kikagusana na mchanganyiko, na humo yakaonekana mabaki ya buluu-kijani ambayo hakuna aliyeyaagiza. Patrick Linstead, mjini London, alilifumbua umbo la molekuli hiyo katika miaka ya 1930 na kuiita ftalosianini. Ni pete bapa ya kaboni na nitrojeni yenye nafasi katikati, na katika nafasi hiyo hukaa atomi moja ya metali. Ukiweka shaba unapata buluu ya wino, ya rangi za magari, ya ndoo za plastiki. Ukiweka kobalti unapata kitu kinachoitafuta salfa. Viwanda vya mafuta vilikitumia mapema: mchakato wa Merox, ulioingia sokoni mwaka 1958, hutumia ftalosianini ya kobalti kuzigeuza thioli zinazonukisha petroli na mafuta ya taa ziwe disulfidi zisizosumbua pua.

Thioli haitaki kuachia elektroni yake kwa bei ya chini, na kaboni haina namna ya kuishawishi. Kobalti hukaa kati yao kama dalali. Huishika salfa, huipokea elektroni, huikabidhi kaboni, kisha huiachia salfa iende kutafuta mwenzake, na yenyewe hurudi ilivyokuwa bila kubakiza kamisheni. Bei hushuka kwa mamia ya milivolti. Tena dalali huyu ni mdogo kupita kiasi. Safu moja ya molekuli hizo juu ya kiduara cha milimita 3 ina uzito wa nanogramu 4 hivi, yaani sehemu nne za bilioni za gramu, na hiyo inatosha kubadilisha tabia ya elektrodi nzima.

José Zagal wa Chuo Kikuu cha Santiago nchini Chile ametumia miongo ya kazi yake kuuliza dalali huyo ashike kwa nguvu kiasi gani. Kundi lake lilichukua ftalosianini za kobalti zenye vikundi tofauti ukingoni, vingine vikivuta elektroni na vingine vikizisukuma ndani, wakapanga kasi ya kazi dhidi ya volti ambayo kobalti ya kila moja hubadilika. Nukta zilipanda, zikafika juu, zikashuka upande wa pili. Wanakemia huuita mchoro wa aina hiyo volkano. Kobalti inayoishika salfa kilegevu haifanyi kazi, na inayoishika mno haiiachii. Mtu anaweza kulisema hilo kwa kubahatisha. Kulionyesha, molekuli baada ya molekuli, kila moja ikitengenezwa, kusafishwa na kupimwa kwenye kaboni iliyosuguliwa kwa namna ileile, ni kazi ya maisha.

Namna ya kuiweka rangi juu ya elektrodi ndiko tofauti za mikono zinakoonekana. Iliyo rahisi ni kuiyeyusha, kudondosha tone na kungoja likauke. Huvutia wanafunzi, na huwaadhibu: tone likikauka husukuma mzigo wake pembeni na kuacha pete nzito yenye katikati tupu, kwa hiyo elektrodi mbili zilizodondoshewa na mkono mmoja mchana mmoja hazifanani. Njia nyingine ni kuifungia molekuli vikundi vya amino na kuipandisha na kuishusha volteji ndani ya myeyusho, mpaka ziungane zenyewe kuwa utando juu ya kaboni. Hapo unene hutegemea idadi ya mizunguko, na fundi mzuri hujua pa kuacha: utando mnene hupunguza kasi ya elektroni kuliko unavyoongeza dalali.

Kisha kuna ile ya lahamu, ambayo naipenda kwa unyenyekevu wake. Ralph Adams wa Kansas aliianzisha mwaka 1958 kwa kukanda poda ya kaboni na mafuta mazito na kuishindilia kwenye tundu la kijiti. Mary Halbert na Richard Baldwin wa Louisville, Kentucky, waliongeza ftalosianini ya kobalti kwenye lahamu hiyo, na mwaka 1985 wakaonyesha kwamba sisteini, homosisteini na glutathioni huweza kupimwa kwa volteji ndogo zaidi. Uso ukichoka, unaisukuma lahamu nje kidogo na kuifuta juu ya karatasi ya kawaida; uso mpya uko tayari. Walijua pia kwamba elektrodi peke yake haiwezi kuzitofautisha thioli hizo tatu, kwa kuwa salfa ni ileile, hivyo walizitenganisha kwanza kwa kromatografia na kuiacha elektrodi isome zikija kwa zamu. Sioni aibu yoyote katika kuomba msaada huo, ingawa makala za siku hizi huuona kama udhaifu.

Kwa Afrika, kazi hii ina makao yake Chuo Kikuu cha Rhodes, mji wa Makhanda, Afrika Kusini. Tebello Nyokong alizaliwa Lesotho mwaka 1951, na utotoni alikwenda shule siku moja na kuchunga kondoo siku inayofuata. Alisomea kemia Lesotho, akaendelea Kanada, na mwaka 1992 akajiunga na Rhodes. Tuzo ya L'Oréal-UNESCO ya mwaka 2009 ilimfikia kwa ajili ya ftalosianini katika tiba ya saratani kwa mwanga, na hilo ndilo wengi wanalolijua. Lakini maabara hiyohiyo iliitumia rangi hiyo kutengeneza elektrodi, na moja kati yake naiona kama mfano wa ufundi safi.

Mwaka 2001 Kenneth Ozoemena, Philippe Westbroek na Nyokong walichapisha elektrodi ya dhahabu ya kupima sisteini. Dhahabu, kama zebaki, huishika salfa kwa nguvu. Kwa kawaida hilo ni balaa, maana thioli zikifika hung'ang'ania uso mpaka elektrodi izibwe. Wao waliigeuza balaa kuwa gundi. Waliifungia ftalosianini ya kobalti mikono minane yenye salfa, wakaitumbukiza dhahabu kwenye myeyusho, na molekuli zikajipanga juu ya uso kwa mikono yake yenyewe, safu moja tu. Salfa ya mikono huishika dhahabu, na kobalti hubaki ikiitazama sisteini inayokuja. Salfa inatumika kuinasa salfa. Hakuna tone la kukauka, hakuna pete, hakuna kubahatisha unene. Na kichwa cha makala yao kilianza kwa kutaja uimara wa muda mrefu, kabla ya kutaja kingine chochote. Huo ndio mpangilio sahihi wa mambo.

Nasema hivyo kwa sababu fani hii ina ugonjwa wake, nao ni mashindano ya kikomo cha chini. Kila mwaka hutokea elektrodi mpya, ya nanomirija, ya grafini, ya chembe za dhahabu, ikidai kuona kiasi kidogo kuliko iliyotangulia. Sisteini katika plazima ya mtu mzima hupimwa kwa makumi na mamia ya mikromoli. Kuiona kwa kiwango kilicho chini mara elfu, ndani ya maji safi yenye chumvi, ni kupiga shabaha ambayo hakuna mgonjwa aliyeiweka. Swali gumu ni kama elektrodi itatoa jibu lilelile wiki ijayo, na kama itatoa jibu lilelile vitamini C ikiwepo.

Siku ya kazi yenyewe ina adabu zake. Myeyusho wa sisteini hutengenezwa asubuhi ileile, kwa sababu hewa huigeuza kuwa disulfidi ikiwa kwenye chupa, na chembe ndogo za shaba katika maji huharakisha mambo. Nitrojeni hupulizwa kwenye myeyusho kabla ya kupima, ili kuifukuza oksijeni. Ftalosianini ya kobalti huishambulia oksijeni pia, jambo lililojulikana tangu Raymond Jasinski alipoipendekeza kwa seli za mafuta mwaka 1964. Ukali wa asidi hushikiliwa palepale, kwa kuwa kobalti huitaka salfa iliyokwisha kuachia haidrojeni yake, na katika pH ya damu, 7.4, ni karibu moja ya kumi tu ya sisteini iliyo katika hali hiyo. Ndiyo maana elektrodi nyingi hung'ara kwenye myeyusho wa alkali na kufifia kwenye ule unaofanana na mwili. Msomaji wa makala hizi atazame pH kwanza, matokeo baadaye.

Wapo waliozunguka njia nyingine. Kundi la Akira Fujishima huko Tokyo lilionyesha mwaka 2001 kwamba almasi iliyotiwa boroni huipima sisteini bila rangi wala gundi yoyote. Kundi la Richard Compton huko Oxford lilitumia katekoli: umeme huigeuza kuwa kwinoni, thioli huirukia kwinoni, na mabadiliko ya kilele husomwa. Zote ni kazi nzuri. Kwa upande wangu moyo umebaki kwenye buluu.

Kisha inakuja damu, na hapo ndipo wengi hukwama. Homosisteini iliyo huru kwenye plazima ni karibu asilimia 1 ya yote. Nyingine imefungwa kwenye protini au imeshikana na salfa nyingine. Ili kuihesabu yote lazima uvunje vifungo kwanza, na dawa mojawapo ya kuvunjia, dithiothreitoli, ni thioli yenyewe, kwa hiyo elektrodi itaihesabu pia. Damu iliyoachwa kwenye bomba huendelea kumwaga homosisteini kutoka kwenye chembe nyekundu, na kiwango hupanda kwa karibu asilimia 10 kila saa, isipokuwa bomba liwekwe kwenye barafu na plazima itenganishwe upesi. Glutathioni ina tatizo la kinyume: nyingi sana ndani ya chembe, kidogo sana nje, na chembe chache zikipasuka mkononi mwa mtoa damu, namba yote imeharibika. Protini nazo hutanda juu ya kiduara chako cha milimita 3 na kukizima. Fundi wa elektrodi asiyejua kinachotokea kati ya sindano na bika amejua nusu ya kazi yake.

Kwa sasa hospitali zinazopima homosisteini hutumia kromatografia, vimeng'enya au kingamwili, kwa mashine zisizoingia mfukoni. Kijiti cha kupimia sukari kilichoenea hadi vijijini ni elektrodi iliyorekebishwa pia, kwa hiyo hakuna sheria ya kemia inayokataza ndugu yake wa thioli. Kinachokosekana ni uteuzi, yaani kuisoma thioli inayotafutwa peke yake, na uimara, na hivyo haviji kwa kutafuta chembe mpya ya kutangaza. Wewe unayesomea kemia na unafikiria kuingia humu, chukua ftalosianini moja inayojulikana, itengenezee elektrodi kumi kwa mkono mmoja, zijaribu kwenye plazima halisi yenye vitamini C na asidi ya uriki, rudia baada ya mwezi, kisha chapisha kumi zote, pamoja na zile zilizokufa.